Viazi vya moshi kwenye pipa, kwa sisi tunaoishi milimani

Kwetu Mbeya, Jumamosi ya kuchoma nyama kubwa, pipa huwashwa saa kumi na mbili alfajiri. Nyama ni kazi ya mume wangu. Anaweka kidari cha ng'ombe cha kilo tatu au nne, ameshakipaka chumvi na pilipili manga tangu usiku, na mpaka saa saba mchana anakilinda kama mtoto mchanga. Viazi ni kazi yangu. Wengi wanadhani kiazi ukikisukuma pembeni ya nyama kitaiva chenyewe, mradi kiko kwenye moto. Mimi nimekula viazi vya namna hiyo, vya kwangu na vya wengine: nje vimenyauka, ndani vina kiini kigumu, na vinanuka moshi bila kuwa na ladha yake. Nyama na kiazi havitaki moto mmoja. Vinaweza kukaa kwenye pipa moja, lakini kila kimoja kwa saa zake, na hicho ndicho ninachotaka kukueleza.

Kwanza viazi vyenyewe. Nanunua Mwanjelwa, kwa sado, na nachagua kimoja kimoja. Muuzaji asiyetaka nichague namshukuru nahamia meza ya pili. Vingi vinatoka Isyonje na vijiji vya Uporoto, vingine Umalila, na vikiwa vimetoka shambani wiki hiyo bado vina udongo mweusi uliokauka kwenye macho yake. Udongo huo usikutie shaka. Kinachonitia shaka mimi ni kiazi kilichooshwa kikapangwa juani, kwa sababu jua hukigeuza kijani, na kiazi cha kijani kina sumu ambayo moto wa kupikia hauiondoi. Kama ni alama ndogo ya kijani, naikata kwa kina. Kama kimeenea, hakiingii jikoni kwangu.

Ukubwa ninaoupenda ni wa ngumi ya mtoto wa darasa la tano, gramu 150 mpaka 180. Vyote vilingane. Kimoja kikiwa kikubwa mara mbili ya mwenzake, hutaweza kuvitoa pamoja, na utaanza kufunua mfuniko kila dakika tano. Kila ukifunua, joto linatoka na mkaa unapata hewa nyingi kuliko unavyotaka, halafu dakika kumi zinazofuata unahangaika kulirudisha pipa mahali pake.

Halafu kuna viazi vya unga na viazi vya maji. Cha unga kikiiva hupasuka na kumeguka kama chenga, na hicho ndicho cha moshi. Cha maji hubaki kimeshikamana, ni kizuri kwa mchuzi na saladi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha kila mara, hata muuzaji akikuapia. Mimi nina kipimo changu: kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, nakoroga mpaka chumvi iyeyuke yote, naviweka viazi nilivyokwisha kuviosha. Kinachozama ni cha unga. Kinachoelea ni cha maji, nakitenga kwa ajili ya mchuzi wa Jumapili. Na maji hayo ya chumvi siyamwagi, nitakwambia kwa nini.

Pipa na kuni

Pipa letu ni la lita 200, lilibeba mafuta ya kula. Kama unalinunua, uliza lilibeba nini, na usipopata jibu la kueleweka liache. Lililobeba dawa za shamba au vilainishi vya magari halifai kwa chakula hata ulioshe mwezi mzima. Fundi wa kuchomelea alikata sehemu ya juu ikawa mfuniko, akatoboa matundu matatu chini, kila moja la kupitisha dole gumba, na mengine mawili kwenye mfuniko. Kila tundu lina kibati cha kuzungusha, unafungua au unafunga kadiri unavyotaka hewa. Ndani kuna kikapu cha chuma cha mkaa, na juu yake chanja mbili za nondo nyembamba. Tulimkataza fundi kutumia wavu wa mabati, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Kabla ya kupikia chochote tulilichoma pipa tupu kwa kuni kwa saa tatu, rangi yote ikaungua, tukalisugua, tukalipaka mafuta ya alizeti ndani.

Joto tunalipima pembeni ya chanja ya juu. Mume wangu analiweka nyuzi 115 mpaka 120, na akishazoea upepo wa siku hiyo anaweza kulishikilia hapo kwa kibati kimoja tu.

Kuni za moshi ni jambo ambalo watu hulidharau, kumbe ndilo ladha yote. Sisi tunatumia mibuni. Kule Mbozi wakulima wa kahawa hupogoa mashamba yao, na matawi yaliyokatwa hupatikana kwa bei ndogo. Ni mti mgumu, hauna utomvu wa kunata, na moshi wake una utamu fulani usiokuzidi nguvu. Mpera ni mzuri pia, na mwembe, na michungwa iliyozeeka. Tunakausha miezi mitatu au minne chini ya paa, tunakata vipande vya ukubwa wa ngumi, na vipande vitatu vinatosha viazi vya watu wanane. Usiviloweke. Kuni iliyolowa hupoteza muda ikitoa mvuke, halafu inatoa moshi mweupe mzito unaoacha uchungu kwenye ganda. Unaoutaka ni moshi mwembamba wenye rangi ya buluu iliyofifia. Unaweza kuuona ukisimama na ukuta wa giza nyuma ya pipa.

Msonobari usiutie kabisa. Mbeya yote imejaa misonobari, na mabaki ya mbao yapo bure kwenye kila karakana, kwa hiyo mtu anashawishika. Utomvu wake unaungua ukawa masizi meusi ya kunata, na kiazi kitanuka rangi ya mbao. Mkaratusi nao una mafuta yenye harufu ya dawa ya kifua. Ni vizuri ukiwa na mafua, si kwenye chakula.

Saa sita: moshi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anabanika samaki wa Ziwa Nyasa kule Kyela. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anawaweka juu ya chanja wakiwa bado wanang'aa maji, akanijibu kwamba moshi unapenda mahali penye unyevu. Sikuyafuatilia maneno yake mpaka nilipoanza na viazi. Ni kweli. Kitu kibichi, baridi na chenye unyevu hushika moshi vizuri. Kikishakauka na kupata moto, moshi unakipita tu.

Kwa hiyo viazi vyangu havikaushwi. Vinakaa kwenye yale maji ya chumvi nusu saa, navitoboa kwa uma mara sita au saba kila kimoja, na vinakwenda kwenye pipa vikiwa vinachuruzika. Juni na Julai, Mbeya ikiwa na baridi yake, naviacha barazani usiku kucha ili viingie vimepoa. Kwenye friji sivitii. Kiazi kikikaa kwenye baridi ya friji siku kadhaa, wanga wake hugeuka sukari, kinakuwa kitamu mahali pasipotakiwa na ganda linakuwa jeusi mapema. Baada ya robo saa kwenye pipa utaona ganda limekauka na kushikwa na utando mwepesi mweupe. Hiyo ni ile chumvi ya maji. Imeshika kila mahali sawasawa kuliko mkono wangu ungeweza kuipaka.

Navipanga kwenye chanja ya chini, pembeni, si katikati ambapo mkaa unachoma moja kwa moja. Nyama iko chanja ya juu. Kidari kikifika saa sita kinakuwa kinatoa mafuta yake polepole, tone kwa tone, na viazi vilivyo chini yake vinayapokea. Ndiyo maana huwa nahamisha vile vya kando kwenda chini ya nyama baada ya nusu saa, ili kila kimoja kipate haki yake.

Mafuta ya chupa sipaki kwanza. Wapo wanaopaka mafuta mwanzo kabisa, na kiazi chao kinaiva vizuri, lakini mimi nimelinganisha pembeni kwa pembeni, na kile kilichoingia na maji yake ya chumvi kimeshinda kwa harufu.

Saa moja ya moshi inatosha. Usizidishe ukidhani utapata ladha zaidi.

Saa saba: moto

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa nyuzi 120 nyama ya ng'ombe inalainika kwa sababu ina muda. Kiazi hakipendi kucheleweshwa. Ndani yake, kinapopita taratibu kati ya nyuzi 55 na 70, kile kinachoshikamanisha chembe zake hujikaza badala ya kulegea, na kikishajikaza hivyo ni shida kukilainisha hata ukikipa muda mrefu. Ndicho kile kiini kigumu unachokikuta katikati. Kwa hiyo kiazi kinahitaji kuvuka hapo bila kuzembea, na kwa moto wa nyama peke yake huwa kinazembea.

Bahati nzuri nyama yenyewe inatupa nafasi. Kidari kikitoka saa saba hakikatwi hapo hapo, kinatulia kwanza kwa saa nzima, kimefungwa kwa karatasi na taulo ndani ya beseni kubwa lenye mfuniko. Saa hiyo pipa ni langu. Nafungua matundu yote matatu ya chini, naongeza mkaa uliokwisha kushika kutoka jiko la pembeni, na pipa linapanda mpaka nyuzi 170 au 180 ndani ya dakika kumi hivi. Mkaa mbichi usiutupe ndani wakati huu, utakuletea moshi mzito tena ukiwa ulishaumaliza.

Joto likipanda, navitoa viazi dakika mbili, navipaka mafuta ya alizeti kidogo kwa mkono, au mafuta ya ng'ombe yaliyokingwa chini ya nyama kama yapo, navirudisha chanja ya juu. Sasa mafuta yana kazi: yanalikaanga ganda. Dakika 50 mpaka saa moja. Nikifika nusu navigeuza mara moja tu.

Kama huna nyama siku hiyo, anza na nyuzi 120 kwa dakika 40, kisha panda. Utaratibu ni uleule.

Kimeiva lini?

Dada yangu anaishi Houston, na huko kila nyumba ya pili ina jiko la moshi nyuma ya nyumba, wao wanaliita smoka. Ndiye aliyetutumia kipimajoto chenye sindano ya kuchoma ndani ya chakula, na akaniandikia: kiazi kiko tayari kikisoma nyuzi 99. Siku ya kwanza ya kukitumia tulikuwa na wakwe zangu. Nilikichoma kiazi kikubwa kuliko vyote, nikakaa pembeni ya pipa. Namba ilipanda vizuri: 80, 88, 91. Ikafika 93 ikasimama. Nikaongeza mkaa. Ikasogea 94, ikakaa hapo. Nikangoja dakika 40 zaidi, baba mkwe ameshakaa mezani na nyama imeshakatwa, na mimi nangoja 99. Nilipovitoa, maganda yalikuwa magumu kama ngozi ya kiatu na ndani vimekauka, unga wake unanata kwenye koo.

Niliona aibu, na nililaumu kipimajoto. Kesho yake nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota kabisa. Kikasoma 94.

Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda mlima hewa inapungua uzito, na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja inapungua kwa kila mita 300. Houston ni tambarare ya karibu na bahari, maji yao yanachemka kwenye 100. Kiazi kwa sehemu kubwa ni maji, na maadamu kina maji ndani, hakiwezi kupata moto kuliko maji yanayochemka mahali ulipo. Nilikuwa nangoja joto ambalo kiazi cha Mbeya hakiwezi kulifikia mpaka kikauke. Ndiyo maana pia maharage yetu yanachukua muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam, jambo ambalo mama zetu wanalijua bila kipimajoto.

Basi pima maji yako kwanza. Arusha utapata kama 95, Nairobi kama 94, Njombe 93 hivi. Dar, Tanga na Mombasa mnaweza kufuata ile 99 ya dada yangu bila shida. Sisi wa juu, kiazi kikifika nyuzi moja au mbili chini ya maji yetu, kisha kikakaa hapo dakika 10, kimeiva.

Lakini siku hizi nategemea zaidi kijiti cha mishikaki. Kichome katikati ya kiazi taratibu, ukisikiliza kwa vidole. Ganda litatoa mlio mdogo wa kupasuka, kisha kijiti kinateleza. Kama kiazi bado, utafika mahali katikati utahisi kijiti kinaongezewa uzito, kama kinapita kwenye kipande cha sabuni. Rudisha mfuniko, ngoja dakika 10. Kikiwa tayari, kijiti kinapita mpaka upande wa pili kwa mwendo uleule kana kwamba ndani hakuna kitu, na ukikichomoa kinatoka kikavu, kina unga mweupe uliokishika kidogo tu. Ukikibonyeza kiazi kwa kitambaa, kinaitikia mara moja, nawe unasikia ganda likivunjika chini ya kidole.

Mezani

Kipasue kikiwa cha moto, usisubiri. Kata msalaba juu, bana kwa vidole vinne kutoka chini mpaka unga upande. Mvuke utoke, kwa sababu mvuke ukibaki ndani unakifanya kizito. Harufu ya moshi iko kwenye ganda na kama nusu sentimita chini yake, katikati ni kiazi kitupu, na hapo ndipo ninapoweka siagi na kijiko cha maziwa mgando yaliyochujwa yakawa mazito. Uchachu wake unauweka moshi sawa. Kitunguu majani, pilipili kichaa iliyokatwa nyembamba, chumvi ikihitajika. Nyama ya mafuta pembeni, na kachumbari yenye ndimu ya kutosha. Maganda yaliwe. Mgeni anayeyaacha sahani, huwa namwambia kwa upole kwamba ameacha kazi ya saa mbili.

Foili situmii mpaka viwe vimeshaiva, na hata hapo mara chache. Ukikifunga kiazi kibichi kwa foili, moshi hauingii na ganda linachemka, afadhali ungekipika kwenye sufuria. Lakini kuna sababu kubwa zaidi. Udongoni kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum ambaye mbegu zake hazifi kwa joto la kiazi kuiva, na ndani ya foili, bila hewa, kiazi kikikaa jikoni na vuguvugu lake, zinaamka na kutengeneza sumu kali. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua baada ya kula mgahawani chakula kilichotengenezwa kwa viazi vilivyookwa kwenye foili vikaachwa nje. Kwa hiyo kama ulivifunga ili visipoe, vifungue vikishafika mezani, na vilivyobaki viingie kwenye friji ndani ya saa mbili bila foili.

Na pipa libaki nje, hata mvua ikinyesha, hata baridi ikiwa kali. Hewa ya mkaa inaua watu kila msimu wa baridi katika mikoa yetu, na haina harufu ya kukuonya. Sisi tulijenga kibanda cha mabati manne kisicho na kuta.

Mimi hupika viazi sita zaidi makusudi. Jumapili jioni navimenya, navisaga kwa mkono na kitunguu, giligilani na pilipili, natengeneza madonge bapa, nachovya kwenye yai, nakaanga. Katlesi za viazi vya moshi hazihitaji nyama ndani, na Jumatatu asubuhi zinakwenda shule kwenye makopo ya wanangu. Mwaka huu nimeanza kuweka mbili za ziada kwa kila mtoto, kwa sababu marafiki zao wameshazijua.